Kaburi la Senje Nje ya Ua

Mpendwa Senje, shangazi yangu,

Nimeianza barua hii mara tatu na mara tatu nimeichana. Katika ile ya kwanza nilikuambia kwamba mazishi yako yalifana, kwamba watu walijaa mpaka ndani ya miwa, kwamba mawakili wenzako walikuja na suti nyeusi wakazama matopeni na viatu vyao vya mjini. Yote hayo yalikuwa kweli, na barua nzima ilikuwa uongo. Sasa naona naweza kukuandikia. Nimeamua iwe barua ya wazi, asomaye na asome, kwa sababu nitaibandika katika kitabu chako, kwenye ukurasa uliokaa mtupu mwaka mzima.

Kitabu unakikumbuka. Baba alikianza wiki ile ulipoapishwa kuwa wakili, wewe dada yake mdogo wa pekee, uliyefundishwa kusoma na yeye mwenyewe darasani kwake Navakholo. Alikwenda Kakamega mjini akanunua kaunta buku kubwa la jalada gumu jeusi, akaandika juu yake "Kazi za Dada". Tangu siku hiyo hakuna gazeti lililoingia nyumbani kwetu likabaki zima. Ukionekana pichani, hata kama ni kisogo tu katikati ya umati, alikukata kwa mkasi wa Mama wa kushonea, akakubandika kwa uji wa unga wa muhogo. Mama alilalamika juu ya mkasi, akalalamika juu ya unga, halafu akaishia kuukoroga huo uji yeye mwenyewe kwa sababu wa Baba ulikuwa na madonge.

Chini ya kila habari Baba aliweka alama kwa kalamu nyekundu, kama anayesahihisha insha za darasa la sita. Habari ya wajane wa Shianda kukataa kufukuzwa kwenye mashamba ilipata nane kwa kumi. Alama mbili zilikatwa kwa sababu mwandishi alisahau kutaja kwamba unatoka Navakholo. Ile ya siku ulipowaambia wazee katika baraza la chifu kwamba binti naye ni mtoto wa boma ilipata kumi bila kupunguzwa. Baba aliisoma kwa sauti mara nyingi hata Mama akaweza kuisema bila kuangalia.

Nakumbuka Jumapili moja baada ya kanisa ulikuja ukakifungua, ukakuta mende wamekula nusu ya uso wako kwa ajili ya ule uji. Baba alitaka ardhi ipasuke aingie. Wewe ulicheka mpaka ukaishika meza. "Kaka," ulimwambia, "unanilisha mende hata kabla sijafa?" Ukamletea gundi ya dukani wiki iliyofuata, na yeye akaiweka kabatini na kuendelea na uji wake, kwa madai kwamba gundi ile inanuka. Ndivyo alivyo, na ulimpenda hivyo hivyo.

Nilikuwa kidato cha kwanza uliponichukua kwa mara ya kwanza kwenye darasa lako la Jumamosi, pale Shianda, katika ukumbi wa kanisa. Kazi yangu ilikuwa kukubebea kikapu cha faili. Nilitarajia kusikia sheria na vifungu vyake. Kumbe ulianza kwa kuwauliza wale akina mama nani analima wapi, nani analala nyumba ipi, na mume akifa leo nani atakuja kusimama mlangoni kesho. Walikuja moja kwa moja kutoka kupalilia miwa, matope yamewakaukia miguuni, na mwanzoni hakuna aliyetaka kujibu. Ulingoja. Sijaona mtu anayejua kungoja kama wewe. Mwisho mmoja alijibu, na baada ya huyo ilikuwa kazi kuwanyamazisha.

Uliwafundisha kutunza cheti cha ndoa, kujua jina lililo kwenye hati ya shamba, na wasiweke kidole gumba kwenye karatasi ambayo hawajasomewa. Lakini jambo ulilorudia kila Jumamosi, mpaka mimi mwenye kikapu nikawa nalisema usingizini, lilikuwa lile la mashahidi wawili. Ulisema neno zito lolote, nani abaki na shamba, nani alee watoto, mtu alazwe wapi, mwambie kijana mmoja na mzee mmoja. Kijana kwa sababu ataishi akumbuke, mzee kwa sababu atasikizwa. Na uwaambie mbalimbali, kila mmoja asimjue mwenzake, ili siku ya mkutano pasiwe na mtu wa kusema kwamba walikaa wakapanga maneno. Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo uliyojivunia zaidi. Ulisema hapo ndipo wakili anapoonekana.

Na ilifanya kazi, hilo siwezi kukunyima. Mama Respa ana ukurasa wake kitabuni. Mumewe alipokufa, siku ya kunyoa nywele, matanga yakiisha, shemeji yake alimwambia achague mawili, akubali kurithiwa au arudi kwao. Akasimama mpwa wa marehemu, msichana mdogo tu, akasema mjomba alimwambia shamba ni la mkewe na watoto. Kabla hajaketi akasimama katekista, mzee mwenye mvi, akasema maneno yale yale. Shemeji akakosa pa kushika. Mama Respa bado yuko kwenye miwa yake, na barua aliyoandikisha kuja kwako, akaitia kidole gumba, Baba aliibandika peke yake kwenye ukurasa mzima, bila kuipa alama yoyote.

Sasa nafika ninapopaogopa.

Ilikuwa likizo ya Agosti, mwaka wa ile mvua ya El Nino, ila mvua yenyewe ilikuwa haijaanza. Ulikuwa umetoka hospitalini mara ya pili, titi moja limekwisha kutolewa, umefunga kitambaa kichwani. Tulikaa nyuma ya jikoni tukichambua mboga ya mrenda, wewe na mimi tu, saa nne asubuhi. Vidole vyako vilikuwa vimekonda lakini bado ulinishinda kwa upesi. Ukaniambia bila kuinua kichwa.

"Mnizike ndani ya ua. Pale jiko la mama lilipokuwa. Nilizaliwa humo."

Nilikuambia uandike, wewe si ni wakili. Ukanicheka. Ulisema karatasi ya marehemu husomwa wakati udongo umekwisha kukauka, lakini mdomo husikika kabla. Tena ulikuwa umeona maiti zikilala mochari miezi mingi huku ndugu wakishtakiana, na hukutaka kulala mahali pale ukingoja hukumu. Nikaendelea kuchambua. Kila msichana wa kwetu anajua asiyeolewa huzikwa wapi. Nilijua pia kwamba maisha yako yote ya kazi ulikuwa ukilikataa jambo hilo kwa niaba ya wengine.

"Umesikia?" uliniuliza.

"Nimesikia, Senje."

"Basi siku ukiulizwa, useme."

Nikakuuliza mzee wako ni nani. Ukanitazama kidogo, ukasema hilo halinihusu, ukarudi kwenye mrenda.

Ulifariki Novemba, mvua ikiwa imekata barabara nusu ya wilaya. Ukoo ulikutana nyumbani chini ya turubai kupanga mazishi. Mimi nilikuwa nagawa chai. Mzee Makokha, mkubwa wa ukoo, alikaa katikati na Baba alikaa kuumeni kwake. Walizungumza juu ya jeneza, mahubiri na chakula cha wageni, kisha Mzee Makokha akakohoa, akauliza kama kuna mtu yeyote ambaye marehemu alimwachia neno.

Senje, aliuliza. Sitaki mtu aje kusema hatukupewa nafasi. Aliuliza kwa sauti, akazungusha macho, akangoja.

Nilisimama na sinia mkononi nikamtafuta mzee wako. Nilijua yupo, kwa sababu ulikuwa hufanyi kinyume cha ulichofundisha. Nilitazama kila mwenye mvi pale chini ya turubai. Baba nilimtoa mapema kabisa, kwa sababu nilijua angekuwa yeye angekwisha kusema. Nikafikiri ni mchungaji, nikafikiri ni mke wa Mzee Makokha. Nikajiambia akianza huyo mzee, nami nitasema. Hakuna aliyeanza.

"Basi tufuate desturi," akasema Mzee Makokha. "Sisi hatuzikangi msichana ndani ya boma. Awe wakili, awe nani, hajaolewa. Na mna binti hapa, wageni wake wako njiani. Mnataka na yeye akae nyumbani hivi hivi?"

Watu wote waligeuka wakanitazama mimi na sinia langu.

Hili sijamwambia mtu mpaka mwaka huu, kwa hiyo naliandika polepole. Ilikuwa ni kweli, wageni walikuwa njiani. Josphat, niliyesoma naye chuo cha ualimu, alikuwa ameniandikia kutoka kwao Lugari kwamba wazee wake watakuja kuniposa Desemba, mahindi yakishavunwa. Barua yake ilikuwa mfukoni mwa sketi yangu wakati ule ule. Wanasema msichana ambaye hajaolewa akizikwa ndani ya ua, wasichana waliobaki nao hawataolewa. Mimi nimesoma, nafundisha watoto sayansi, na nilikaa miaka kwenye madarasa yako nikikubebea kikapu. Lakini siku ile nililiamini jambo hilo kwa dakika moja, na dakika hiyo ilitosha. Nilirudi jikoni nikaosha vikombe ambavyo vilikuwa tayari vimeoshwa.

Jeneza lako halikupita langoni. Lilipitishwa kwenye njia ya miwa, likazunguka nyuma ya ule ua wa michongoma, ukazikwa nje, hatua chache tu kutoka pale jiko la nyanya lilipokuwa, lakini nje. Akina mama wa Shianda hawakujua. Walikuwa wamejipanga langoni na kanga zao na nyimbo zao wakikungoja, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyewaza kwamba utapitishwa kwingine. Walipoona watu wanakimbilia upande wa pili, wakakimbia nao kwenye matope. Baada ya maombi Mama Respa alinifuata, akanishika mkono.

"Yeye alikuwanga anatuambia tuwe na watu wawili," alisema. "Yeye mwenyewe hakumwambia mtu?"

"Sijui, Mama," nikamjibu.

Alinitazama, akaniachia mkono. Nadhani alijua.

Wiki moja baadaye mpiga picha alikuja kama wanavyokuja, akatandaza picha za mazishi kwenye nyasi watu wachague. Baba alichukua moja tu. Inaonyesha jeneza likiteremshwa, Baba ameinamisha kichwa, na nyuma yake unaonekana ule ua wa michongoma, mrefu na mnene, na juu ya ua paa la nyumba yetu. Mtu hahitaji kuelezwa. Akiiona tu anajua uko upande gani. Baba aliitia ndani ya kitabu bila kuibandika, akakifunga, akakiweka juu ya kabati. Wageni wa Lugari walipewa habari kwamba boma liko kwenye matanga, wakasogeza safari yao mwaka mmoja.

Mwaka huo wote hatukukutaja sana. Hilo litakushangaza, maana nyumba ile ilikuwa haimalizi chakula bila kukutaja. Baba aliacha kununua gazeti. Alisema macho yamechoka.

Oktoba mwaka huu, kumbukumbu yako ikikaribia, aliniita sebuleni mchana wa Jumamosi. Kitabu kilikuwa mezani, uji wa muhogo kwenye kibakuli, na mkasi wa Mama. Alisema lazima tukimalize, watu watakuja kwenye kumbukumbu na watataka kukiona. Akanipa ile picha. Akapitisha ukucha wake juu yake, kutoka upande hadi upande, juu kidogo ya kichwa chake mwenyewe.

"Kata hapa," alisema. "Ua usionekane."

Tumekata mengi sana kwa mkasi ule, Senje. Tumekata matangazo ya sabuni na matokeo ya mpira ili ubaki wewe peke yako. Lakini niliushika siku ile na mkono ukakataa. Nikauweka chini. Nikamwambia Baba kwamba siwezi, na aliponiuliza kwa nini, nikamwambia yote: mrenda, jiko la nyanya, "siku ukiulizwa, useme." Nikamwambia habari ya sinia na habari ya barua iliyokuwa mfukoni. Nilimwambia nikiwa natazama meza, kama mtoto anayengoja kiboko.

Hakunipiga wala hakunikemea. Alivua miwani akaishika mkononi. Nikasikia Mama akipasua kuni nje, vipande viwili, vitatu, kabla Baba hajasema neno.

"Nami aliniambia," alisema.

Ulimwambia hospitalini, siku ya tatu baada ya kupasuliwa. Maneno yale yale: ndani ya ua, pale jiko la mama lilipokuwa. Mzee wako alikuwa kaka yako, na mimi nilikuwa nimemtoa wa kwanza kwenye hesabu yangu.

"Nilijua mwingine ni wewe," Baba aliendelea. "Nani tena? Nikakaa pale nikisema moyoni, mtoto akianza, nitasimama nimuunge mkono, hata wanitenge. Nilikuwa nakungoja. Hukusema, nikasema basi, Mungu amenisaidia. Niliogopa usiolewe, mwanangu. Nilimtoa dada yangu nje ili wewe uolewe."

Kisha akalia. Sijawahi kumwona Baba akilia, hata siku ya maziko hakulia. Nami nikalia, na Mama akaja mlangoni na shoka mkononi, akatutazama, akarudi nje bila kuuliza.

Nina neno moja la kukulaumu, na nalisema kwa heshima. Ungetuambia tu. Ungesema, kijana wako ni huyu, mzee wako ni yule, tungekamatana mikono chini ya lile turubai na mambo yangekuwa mengine. Kwa wageni kanuni yako ilitosha, wao hawakuwa na cha kupoteza kwa kusema. Sisi tulikupenda na tukapendana, na kila mmoja akanyamaza akimlinda mwenzake. Nadhani hilo hukuliwaza. Au pengine ulituamini kuliko tulivyostahili, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Kukufukua hakukuwezekana. Kwetu ni jambo la kutisha, na wewe mwenyewe uliwahi kulipinga mahakamani. Jumatatu iliyofuata nilimkuta Baba nyuma ya nyumba asubuhi na panga na jembe. Alikuwa amekwisha kukata kipande cha ua, na sasa anang'oa visiki. Unajua michongoma ilivyo. Alikuwa amechanika mikono mpaka kwenye viwiko. Hakuniambia anafanya nini na sikumuuliza. Nilienda kuleta jembe langu.

Tulifanya kazi siku nne. Tulifungua ua pale ulipokuwa mbele ya kaburi lako, tukaupeleka nyuma yake, tukachimba mtaro mpya kwenye mpaka wa miwa, tukapanda miche ya michongoma. Bado ni mifupi, inafika chini ya goti, lakini imeshika. Boma letu sasa lina tumbo upande huo. Siku ya tatu Mzee Makokha alipita kwenye njia ya miwa akasimama. Aliuliza tunafanya nini. Baba akamjibu kwamba anapanua boma.

"Na huyu binti?" aliuliza Mzee Makokha.

"Huyu hapa," Baba akasema. "Ana jembe."

Mzee alitikisa kichwa akaenda zake. Kwenye kumbukumbu yako hakuja, na watu kadhaa wa ukoo hawakuja pia. Akina mama wa Shianda walikuja. Mama Respa alipita langoni mpaka kaburini bila mtu kumwelekeza, akatandika kanga yake chini, akakaa hapo mpaka saa tisa. Mimi nilimletea chakula pale pale. Nilimwomba msamaha kwa lile jibu langu la "sijui", akasema kula kwanza, mtoto, umekonda.

Josphat nilimwandikia kila kitu kabla ya Desemba. Alijibu kwamba yeye hana neno, ila wazee wake ni wazee. Wakaja Jumamosi ya pili ya Desemba, wanaume wanne na mwanamke mmoja, saa nne asubuhi, wakisalimu "mulembe, mulembe" mpaka mlangoni. Ingokho, kuku wa wageni, ilikuwa imeiva tangu alfajiri. Mimi nilikuwa nimevaa lile gauni la buluu ulilonishonea nilipofuzu, na nilikuwa naogopa kiasi kwamba Mama aliniambia nipumue.

Unajua siku kama hiyo msichana hasemi. Analeta maji ya kunawa, anasalimu kwa kupiga goti, anarudi jikoni kungoja aulizwe kama anawajua wageni hawa. Nilitoka na beseni na jagi nikawakuta hawajaingia ndani. Baba yake mkubwa Josphat, mzee mrefu mwenye koti la kijivu, alikuwa amesimama mbele ya kaburi lako akisoma msalaba. Wenzake walikuwa nyuma yake, na Baba kando.

"Wakili," alisoma. Akamgeukia Baba. "Huyu alikuwa mke wa nani?"

Baba alifungua mdomo. Akanitazama. Nikaona anaanza tena kuningoja, na nikaona kwamba nikinyamaza na yeye ataficha ukweli, atasema alikuwa mke wa ndugu fulani aliyekufa zamani, na watu watakwenda kula kuku. Nilikuwa nimeshika jagi limejaa. Maji yalimwagika kwenye viatu vyangu.

"Hakuwa mke wa mtu," nilisema. "Ni senje wangu. Aliniambia azikwe ndani ya ua wa kwao."

Hakuna aliyetazama mahali pengine ila kwangu. Kisha nikamsikia Baba, kwa ile sauti yake ya darasani.

"Nami aliniambia," alisema. "Tulimsikia sisi wawili."

Yule mzee aligeukia kaburi. Akausoma msalaba tena, kuanzia juu. Halafu akanyoosha mikono yake mbele yangu, nikaweka beseni chini, nikammiminia maji. Walikula. Walizungumza habari za mahindi na barabara. Wakaondoka wakisema watatuma neno.

Leo ni wiki ya tatu na neno halijaja. Sitakudanganya kwamba sijali. Kila asubuhi natazama barabara, na jana nilimkasirikia Mama bila sababu. Lakini picha nimeibandika nzima, na ua wake na paa lake, na barua hii itakaa mkabala nayo. Ulituomba neno moja tu, na tumelisema tukiwa tumechelewa mwaka mmoja. Tumelisema lakini, mbele ya watu, na hakuna atakayetusikia tukilikana.

Pumzika, Senje. Uko kwenu.

Mimi, binti wa kaka yako,
Khayanga